Fountains au Rievaulx: ukiwa na siku moja tu Yorkshire, nenda ipi?

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini. Ukitaka kuelewa abasia (monasteri inayoongozwa na abate) ilikuwa inajiendeshaje, yani ghala lilikuwa wapi, walikula wapi, walijisaidia wapi, unga ulisagwa wapi, nenda Fountains. Ukitaka kusimama ndani ya kanisa la mawe lisilo na paa ukaishiwa maneno, nenda Rievaulx. Mimi ni mtu wa Rievaulx na nitasema kwa nini, lakini ndugu wakija kutoka nyumbani na wana siku moja tu huwa nawaambia waende Fountains, na hilo nalo nitalieleza, wala sijipingi.

Zote mbili ziko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, zote ni magofu, zote zilianzishwa mwaka mmoja, 1132, na zote zilikuwa za shirika moja la Wasistersiani. Ndio maana watu wanazichanganya, mtu anaona picha ya matao bila paa na majani ya kijani basi anasema ah, ni kitu kilekile. Hapana.

Kwanza hawa Wasistersiani ni akina nani. Wengi wetu tunawajua Wabenediktini, wale wa Peramiho na Ndanda. Sasa mwaka 1098 kundi la wamonaki wa Kibenediktini kule Burgundy, Ufaransa, waliona wenzao wamelegea, chakula kizuri, ibada ndefu zenye mapambo mengi, kazi za mikono wameachia watumishi, wakaondoka wakaanzisha nyumba mpya sehemu inaitwa Cîteaux ili waishike Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama ilivyoandikwa. Wakavaa sufu isiyotiwa rangi, wakaitwa wamonaki weupe. Wakakaa mbali na miji. Na kwenye majengo wakawa wakali kweli, hakuna vioo vya rangi, hakuna sanamu za kuvutia macho, hakuna minara ya mawe ya kengele. Hilo la minara likumbuke, linakuja. Huku kwetu Watrapisti, ambao ni tawi la haohao, walikuwa na monasteri Lumbwa, Kipkelion kule Kenya, tangu 1956, mpaka vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zikawafanya wahamie Uganda, kwa hiyo sio watu wa kwenye historia tu.

Turudi 1132. Rievaulx ndio ilitangulia na ilianza kwa mpango mzuri. Bernard, abate wa Clairvaux, ambaye wakati huo alikuwa na sauti Ulaya nzima kuliko wafalme wengine, alituma wamonaki 12 na akawapa abate aliyekuwa karani wake mwenyewe, anaitwa William. Mwenye eneo, Walter Espec, bwana wa Helmsley, akawapa ardhi kwenye bonde la mto Rye. Yani watu, kiongozi, ardhi na mlezi, vyote vilikuwepo siku ya kwanza.

Fountains ilianza kwa ugomvi. Pale mjini York kulikuwa na abasia tajiri ya Wabenediktini, St Mary's, na habari za hawa weupe wa Rievaulx zilipofika, baadhi ya wamonaki wakaanza kuona maisha yao ni aibu, wakadai mageuzi, abate wao mzee hataki. Oktoba askofu mkuu Thurstan akaenda kusuluhisha, kikazuka kizaazaa humohumo ndani, ikabidi aondoke na hao waliotaka mageuzi, jumla yao 13. Tarehe 27 Desemba akawapa kipande cha bonde la mto Skell karibu na Ripon. Fikiria Desemba ya Yorkshire, hakuna nyumba, na simulizi yao wenyewe inasema walijikinga chini ya mti. Wakamwandikia Bernard awapokee kwenye shirika, akawatumia mzee mmoja aje kuwafundisha, lakini njaa iliwashika mpaka wakaomba wahamishiwe Ufaransa kabisa. Kilichowaokoa ni kwamba mwaka 1135 Hugh, dekano wa kanisa kuu la York, aliamua kujiunga nao akaja na mali zake na vitabu vyake. Hapo ndipo mambo yakanyooka.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa stori, Fountains inashinda kwenye mwanzo. Na haikuishia hapo, 1147 abate wake Henry Murdac alikuwa anapinga uteuzi wa askofu mkuu mpya wa York, wafuasi wa yule askofu wakaja wakavamia abasia na kuichoma moto. Siasa za kanisa hazikuanza jana.

Ila ukiuliza nani alikuwa na mtu, nasema Rievaulx, na mtu mwenyewe ni Aelred. Huyu alilelewa ikulu ya mfalme David wa Scotland, akaacha kazi akawa mmonaki, na kuanzia 1147 mpaka kifo chake 1167 alikuwa abate wa Rievaulx. Aliandika kuhusu urafiki wa kiroho, kwamba rafiki wa kweli ni njia ya kwenda kwa Mungu, jambo ambalo kwenye monasteri nyingi lilikuwa linaogopwa. Walter Daniel, mmonaki aliyeandika maisha yake, anasema chini ya Aelred nyumba ilikuwa na wamonaki 140 na mabruda na vibarua 500, na siku za sikukuu kanisa lilijaa ndugu kama nyuki kwenye mzinga. Miaka ya mwisho Aelred alikuwa mgonjwa, mawe ya figo na viungo vinauma, akaruhusiwa kukaa kwenye kibanda karibu na wodi ya wagonjwa, na ndugu walikuwa wanaingia humo 20 au 30 kwa wakati mmoja, wanakaa mpaka kitandani kwake, wanapiga stori. Abate mwingine angewatimua. Ukijua hilo kabla ya kwenda, unatembea pale kwa namna nyingine kabisa.

Sasa majengo, na hapa ndipo uamuzi wako utapatikana.

Fountains unaanza na ukubwa. Kanisa lenyewe ni refu zaidi ya mita 100 na kuta zake nyingi zimesimama. Sehemu ya mbele ya kanisa ina nguzo nene za mviringo, juu yake matao yenye ncha, halafu juu ya hapo madirisha yenye kichwa cha nusu duara cha kizamani, yani unaona mafundi wa karne ya 12 wakiwa katikati ya mitindo miwili, mguu mmoja kwa mababu mwingine Ufaransa. Hayo matao yenye ncha yalikuja na Wasistersiani wenyewe kutoka Burgundy, na ukiangalia njia za pembeni utaona kila sehemu ilikuwa na dari lake la tao lililolala kukatiza, mtindo uleule wa Fontenay kule Ufaransa. Hakuna maua, hakuna sura za watu. Jiwe tu, tena la hapohapo, ule mwamba ulio pembeni ya bonde ndio machimbo yenyewe.

Lakini kitu kinachofanya watu watoe simu ni ghala. Upande wa magharibi kuna chumba kirefu cha chini, kama mita 90, kina mstari mmoja wa nguzo fupi katikati, na kila nguzo inatawanya mbavu za mawe kwenda juu bila hata kichwa cha nguzo, zinaingia darini moja kwa moja, halafu nguzo inayofuata hivyohivyo, mpaka macho yanachoka. Dari limesimama mzima mpaka leo. Wengi wanapiga picha wanaondoka bila kujua kwamba zamani hapakuwa wazi hivyo, palikuwa na kuta za kugawa, upande mmoja stoo, upande mwingine ukumbi wa chakula wa mabruda, na juu yake bweni lao.

Hawa mabruda ndio ufunguo wa biashara yote. Wasistersiani walikuwa na daraja mbili, wamonaki wa kwaya wanaojua Kilatini na kusali saa zote, na mabruda wa kazi, wengi hawajui kusoma, ambao walilima, walichunga kondoo, walijenga. Kila kundi na bweni lake, chakula chake, hata sehemu yake kanisani. Kwa mfumo huo Fountains ikawa moja ya wazalishaji wakubwa wa sufu Uingereza, wafanyabiashara wa Italia wanakuja kununua, tena wananunua sufu ya miaka ijayo kabisa, wanalipa kabla kondoo hajanyolewa. Unaona shida iko wapi. Ugonjwa wa kondoo ukipita, deni linabaki. Watu waliokimbia utajiri wa York wakaishia kuwa na mikopo kwa Waitaliano ndani ya karne na nusu, na hii naitaja kwa sababu ukiwa Fountains unaliona hilo kwa macho, ukubwa wa lile ghala ndio unaosema.

Halafu kuna vitu vya maisha ya kila siku ambavyo Rievaulx huwezi kuvipata kwa usafi huo. Mto Skell umeingizwa kwenye mahandaki ya mawe chini ya majengo, unapita chini ya vyoo unabeba kila kitu. Chumba cha kuotea moto kina tanuri mbili kubwa ajabu, kwa sababu ukitoa jikoni na kwa wagonjwa, hapo ndipo mmonaki aliruhusiwa kupata joto. Na kuna kinu cha maji cha karne ya 12 ambacho kiliendelea kusaga nafaka mpaka 1927. Abasia ilifungwa miaka karibu 400 kabla na kinu bado kinapiga kazi.

Mwisho wa kanisa, upande wa mashariki, kuna sehemu yenye altare tisa zilizopangwa mstari mmoja, imemalizwa enzi za abate John wa Kent karne ya 13, nguzo mbili nyembamba zinapanda juu mpaka unajiuliza zinasimamaje. Kweli zilisumbua. Kuta zikaanza kupasuka, na karne ya 15 abate John Darnton akatengeneza, akatoa madirisha membamba akaweka dirisha moja kubwa, na pale penye ufa akaziba kwa mawe ya kuchonga. Ukitoka nje uangalie juu ya dirisha utaona sura ya mtu ana majani yanatoka mdomoni, na ndani kuna malaika. Hiyo ni plasta ya ufa. Shirika lililokataza sanamu, limeziba ufa kwa sanamu.

Na mnara je? Abate Marmaduke Huby, 1495 mpaka 1526, alijenga mnara karibu mita 50 kwenda juu, una maandishi ya Kilatini yamezunguka kusema heshima na utukufu ni kwa Mungu peke yake, halafu akaweka na herufi za jina lake. Sawa baba. Ni mnara mzuri na ndio unaouona kwanza ukitokea juu ya kilima, lakini kila nikiuangalia nawaza wale wamonaki waliojikinga chini ya mti Desemba 1132 wangesema nini.

Rievaulx sasa. Bonde ni jembamba na lina mteremko, mpaka kanisa halikuweza kuelekea mashariki kama desturi, ikabidi liwekwe karibu kaskazini kwenda kusini. Mwanzoni walibanana na mto mpaka baadaye waliwahi kukubaliana na majirani kuuhamisha wapate uwanja. Tena jirani mmoja alikuwa abasia nyingine iliyokaa ng'ambo ya mto tangu 1143, kengele za nyumba moja zinasikika kwa nyingine usiku na mchana, wanachanganyikana saa za sala, ikabidi wale wahame baada ya miaka michache. Hao ndio baadaye wakawa Byland.

Kanisa la Rievaulx lina nusu mbili ambazo hazifanani. Sehemu ya mbele, iliyojengwa enzi za Aelred, imebaki chini chini tu, vipande vya nguzo za mraba, jiwe la kahawia lisilo na pambo, ni moja ya kazi za mwanzo kabisa za Wasistersiani zilizobaki Uingereza kwa ukubwa huo. Watu wanaipita haraka kwa sababu haina urefu. Usipite. Simama hapo kwanza ndio uangalie mbele, kwa sababu mbele kuna sehemu ya altare iliyojengwa upya karne ya 13, na tofauti ni kubwa mno, ghorofa tatu za matao moja juu ya jingine, chini matao mapana, katikati matao madogo madogo yaliyofungwa pamoja, juu madirisha membamba, na kila nguzo sio nguzo moja, ni fungu la vinguzo vyembamba vimebanwa pamoja ili jiwe lisionekane zito. Zimesimama karibu mpaka juu pande zote mbili. Paa halipo. Miaka kama 60 au 70 tu baada ya Aelred kufa na ule ukali wote umeyeyuka, lakini siwezi kuwalaumu, kwa maana kama huo ndio ulegevu basi ulikuwa ulegevu wenye akili.

Fountains inakupa vitu vingi vizuri vilivyotawanyika, hii inakupa kimoja, na kwa macho yangu hicho kimoja kinazidi vyote. Ukumbi wa chakula wa wamonaki nao kuta zake zimesimama juu sana, na ukumbi wa mikutano una mwisho wa nusu duara, kitu ambacho sio kawaida kwa Wasistersiani, na ukutani mwake walijenga kaburi la heshima la yule William abate wa kwanza. Ukifika kwenye nyumba ya abate ya mwishoni, ambayo waliigeuza kutoka wodi ya wagonjwa, angalia juu ya mlango, kuna jiwe lililochongwa Malaika anampa Maria habari njema. Limeliwa na mvua lakini bado unamtambua nani ni nani.

Anguko lao. Rievaulx iliumia mapema, 1322 Waskoti walimpiga mfalme Edward wa Pili jirani tu na pale, mfalme akakimbia, wao wakapora abasia. Ikaja tauni ya 1348 na 1349. Kufikia 1381 pale palipokuwa na mamia walibaki wamonaki 14, mabruda watatu na abate. Kisha Henry wa Nane akafunga monasteri zote, Rievaulx 1538 na Fountains Novemba 1539. Jambo la kwanza walilofanya watu wa mfalme ni kuvua risasi (yale madini, sio ya bunduki) iliyoezekea paa, maana ilikuwa hela, wanaiyeyusha hapohapo kwenye vipande vikubwa wanagonga muhuri wa mfalme. Miaka ya 1920 walipokuwa wanaondoa kifusi Rievaulx wakakuta vipande vya risasi vimelaliwa na mawe, vina muhuri vilevile, havikuwahi kuchukuliwa, na wakavitumia kukarabati dirisha maarufu la kanisa kuu la York linaloitwa Five Sisters. Ukienda York liangalie ukijua.

Kwa nini Fountains imebaki nyingi zaidi? Wamiliki. Mwanzoni nayo ilichumwa, ile nyumba ya kifahari Fountains Hall iliyojengwa kati ya 1598 na 1604 imechukua mawe ya abasia. Lakini jirani, Studley Royal, palikuwa na John Aislabie, waziri wa fedha aliyetimuliwa bungeni 1721 kwa kashfa ya kampuni ya South Sea, akarudi nyumbani akamalizia nguvu zake kwenye bustani ya maji, mabwawa ya duara na ya mwezi mchanga, na mwanae William akanunua magofu 1767 ili yawe mwisho wa matembezi ya bustani. Yote pamoja yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Rievaulx nayo ilipata bustani yake, ila iko juu kilimani, Rievaulx Terrace, njia ya majani yenye mahekalu mawili ya mtindo wa Kigiriki na Kirumi, unaangalia magofu kutoka juu kupitia miti iliyokatwa kwa makusudi.

Mambo ya mfukoni na miguu. Fountains iko chini ya National Trust, shirika la kutunza urithi, eneo ni kubwa, ukitaka abasia na bustani na kuona wale wanyama paa kwenye hifadhi yao jua unatembea siku nzima, watoto watafurahi, kafe zipo, lakini mama mwenye magoti mabovu atachoka na sehemu zina mteremko mkali. Rievaulx iko chini ya English Heritage, shirika jingine la namna hiyo, ni ndogo, ukipaki gari uko mlangoni tayari, kuna makumbusho madogo mazuri, masaa mawili yanatosha. Kadi ya uanachama ya English Heritage inakuingiza na Fountains, ila ya National Trust haikuingizi kwenye abasia ya Rievaulx, inakuingiza ile Terrace ya juu tu, na hizo ni sehemu mbili zenye geti tofauti, watu wanakosea sana hapo.

Usafiri wa umma, Fountains ni rahisi zaidi, basi namba 36 linatoka Leeds kupitia Harrogate mpaka Ripon, kutoka hapo ni kilomita tano au sita hivi. Ripon haina treni. Kwa Rievaulx unafika Helmsley kwanza, na kutoka Helmsley kuna njia ya miguu nzuri sana ambayo ni mwanzo wa Cleveland Way, ila siku ya matope usijaribu na raba nyeupe. Hii ndiyo sababu wageni wa siku moja nawaambia Fountains, sio kwamba ni bora, ni kwamba wakikosa basi bado kuna namna ya kurudi.

Mwenye gari anaweza zote mbili, kati yake ni kama kilomita 40. Ningeanza Rievaulx asubuhi, kwa sababu kanisa limegeuka kaskazini kusini, jua la asubuhi linaingia kupitia madirisha ya ubavuni na kuangukia vile vinguzo, halafu njiani unasimama Byland ambayo ni bure, uone vigae vya sakafu vya rangi ya kijani na njano ambavyo bado viko palepale vilipopangwa, kisha mchana mzima unaupa Fountains. Angalia tu saa za kufunga kabla hujaondoka, kipindi cha baridi wanafunga mapema.